Anayeusoma Mteremko

Mwezi wa nane, wilayani Kishapu au Meatu, si ajabu kukuta ardhi mbili zilizopakana ambazo hazifanani hata kidogo. Huku ni uwanja mtupu. Ng'ombe wamelamba kila kilichowahi kuwa cha kijani, na upepo unacheza na vumbi. Kule, ng'ambo ya mpaka usio na ukuta wala seng'enge, nyasi zimefika magotini, zimekauka zikiwa wima, na hapana ng'ombe anayezigusa. Mvua iliyonyesha pande zote mbili ni moja, na jua ni lile lile. Kilicholeta tofauti ni uamuzi wa mtu aliyeiangalia ardhi yake mawingu ya Novemba yalipoanza kukusanyika, akasema: hapa pasilishwe.

Eneo lililofungwa hivyo Wasukuma huliita ngitili. Limesifiwa sana na watu wa mazingira kwa hekta zake na miti yake. Mimi nataka kumsifu fundi mwenyewe, kwa sababu kazi yake haionekani. Hana patasi wala tezo. Ukimkuta ameketi chini ya mgunga anatazama ng'ambo ya bonde, utadhani hana shughuli, kumbe huo ndio wakati anapofanya kazi.

Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua za Shinyanga na Simiyu huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei, na kwa mwaka mzima hufika milimita 600 hadi 800 hivi. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi sita. Mwenye ngitili hufunga eneo mvua zinapoanza, huziacha nyasi zikue, zichanue, zipukutishe mbegu na kukauka zikiwa zimesimama. Hulifungua Julai au Agosti, malisho ya wazi yakiwa yamekwisha na mabua ya mashambani nayo yanaelekea ukingoni. Zipo ngitili za kaya, za hekta chache karibu na nyumba, zinazowekewa ndama, maksai wa jembe na ng'ombe wa maziwa. Zipo pia za kijiji au za taasisi, ambazo huweza kufika makumi na hata mamia ya hekta. Kwa maneno jambo hili ni jepesi: funga, subiri, fungua. Ugumu unaanza ukiuliza ufunge wapi.

Hapo ndipo udongo unapoingia. Nyasi za msimu huota kwa mbegu, hukimbilia kuchanua na kufa kabla kiangazi hakijakolea. Hazina masharti mengi, almuradi mvua mbili tatu zimeingia ardhini. Nyasi za kudumu, zile zinazochipua kutoka kwenye shina lile lile mwaka baada ya mwaka, zina masharti. Mizizi yake huteremka mita moja na pengine zaidi, na hukaa huko kwa miaka. Kila kilichomo chini kinazihusu: mchanga au mfinyanzi, chokaa au magadi, tabaka gumu, maji yanayotuama, hewa inayokosekana. Mtu anayechagua pa kufunga anachagua papo hapo nyasi zipi atakuwa nazo miaka kumi ijayo.

Nchi ya Wasukuma ni nchi ya vilima vya matale na mabonde mapana. Shuka kutoka kwenye mawe hadi bondeni, mwendo usiochosha hata mzee, utavuka udongo wa namna nne au tano, kila mmoja na jina lake la Kisukuma. Juu, chini kidogo ya mawe, kuna luseni, mchanga uliochujwa kutoka kwenye matale yanayomomonyoka. Ukishuka zaidi unaingia itogolo, ardhi ya kijivu yenye mchanga juu na tabaka gumu chini yake. Halafu inakuja ibambasi, udongo wenye magadi uliokaza kama sakafu, wenye mabaka ambayo hayaoti kitu. Mwisho ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Na kandokando yake, penye chokaa, kuna ibushi, udongo laini ambao wakulima huugombea. Panda kilima kinachofuata, utaukuta mpangilio uo huo.

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, aliueleza mpangilio wa aina hii kwa jina la katena. Hoja yake ilikuwa kwamba udongo wa mteremko mmoja ni kama mnyororo: wa juu umepoteza kile ambacho wa chini umepokea, kwa hiyo huwezi kuuelewa mmoja bila kuwajua majirani zake. Wazo hilo leo linafundishwa katika vyuo vya udongo duniani kote. Watafiti waliofanya kazi Ukiriguru, karibu na Mwanza, waliendelea kuyatumia majina ya Kisukuma katika ramani na taarifa zao, na walikuwa na sababu nzuri. Kila jina lilikuwa tayari limebeba habari ya maji, jembe na malisho.

Tuanze na luseni. Anayetoka mahali pa mvua nyingi ataudharau mchanga huu, na kwao atakuwa sahihi. Lakini penye mvua chache mchanga una fadhila yake. Mvua ndogo, tuseme ya milimita kumi, ikianguka juu ya mchanga huzama haraka na kujificha mbali na jua, mizizi ikaifuata huko. Mvua iyo hiyo ikianguka juu ya mfinyanzi hulowesha ngozi ya juu tu, kesho yake jua limeichukua. Na hata kiasi kinachobaki, chembe za mfinyanzi hukishika kwa nguvu kuliko mizizi inavyoweza kukivuta. Ndiyo sababu mvua za kwanza huonekana kwanza kwenye luseni. Vishina vya nyasi ya Cenchrus huanza kutoa ncha za kijani juu huko wakati mbuga bado nyeusi na nyufa zake ziko wazi. Hasara ni kwamba mchanga hauweki akiba. Mvua ikikatika wiki tatu, nyasi zinanyauka. Na kwa kuwa rutuba ni ndogo, majani hukomaa upesi na kuwa makavu mdomoni mwa ng'ombe.

Mbuga ni kinyume cha hayo. Huchelewa kuamka, kwani lazima nyufa zinywe kwanza. Ikishashiba, hukaa na maji hadi kiangazi kimeingia ndani, na utakuta ukanda wa kijani bondeni huku mteremko wote umekauka. Lakini mbuga haimpokei kila mgeni. Mfinyanzi wake huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na katika kunywea huko hukata mizizi myembamba. Masika maji hutuama na hewa hukosekana chini. Nyasi zinazodumu hapo ni zile zilizozoea kukatwa na kuzama: Setaria za mbugani zenye mashina manene, Ischaemum, na katika sehemu zilizotunzwa Themeda, nyasi ya mafurushi mekundu inayopendwa na wanyama wa nyika yote. Mti wake ni mgunga mdogo wenye miiba na vinundu vinavyokaliwa na sisimizi. Ukiuona mti huo kwa wingi, huna haja ya kuchimba. Umeshajua unakanyaga nini.

Itogolo iko katikati kwa mahali na kwa tabia. Mwaka wa mvua za wastani huzaa vizuri. Mwaka wa mvua nyingi maji hugota kwenye tabaka gumu, hupanda juu na kuzamisha mizizi. Mwaka wa ukame mizizi iyo hiyo hushuka ikakutana na mlango uliofungwa, haina pa kwenda kutafuta. Ndiyo ardhi inayomdanganya mtu kirahisi, kwa sababu anayeiona katika mwaka mzuri ataiamini kwa miaka mibaya.

Ibambasi haimdanganyi mtu. Magadi yaliyomo huzifanya chembe za mfinyanzi ziachane na kuelea zinapolowa, kisha zitue na kuziba kila kitundu. Mvua ikinyesha, maji hubaki juu kama kwenye sinia, mengine hukauka, mengine hutiririka. Chini ya vidole vitatu udongo unaweza kuwa mkavu huku juu pana dimbwi. Hapo huishi Sporobolus na ukoka wa kujibanza, na pembeni nyasi za msimu zinazokuja na kwenda. Hata hivyo fundi haitukani ibambasi. Maji yasiyoingia huko hushuka mbugani, kwa hiyo mbuga hupata mvua yake pamoja na mvua ya jirani. Kipimo cha mvua kikisoma milimita 700, hakuna hata sehemu moja ya mteremko iliyopata 700: juu pamepata pungufu na chini pamepata ziada. Mwenye kuusoma mteremko hujua hesabu hiyo bila kuiandika.

Sasa unaweza kuona anachofanya yule aliyeketi chini ya mgunga. Fundi wa jahazi hutembea msituni akitafuta mti uliojipinda wenyewe sawasawa na taruma analotaka, kwa sababu mbao iliyolazimishwa kupinda itakuja kumdai baadaye. Mwenye ngitili naye hutafuta mahali ambapo ardhi imeshaelekea anakotaka yeye. Akiweza, hafungi kipande cha udongo mmoja. Hufunga ukanda unaoshuka, wenye kipande cha luseni cha kuchipua mapema, itogolo ya katikati, na ukingo wa mbuga wa kumalizia kiangazi. Katika mwaka wowote ule, mojawapo ya hivyo vitatu kitakuwa na kitu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kazi ya pili ya fundi huyu hufanyika akiwa ameinama. Achana na urefu wa nyasi. Urefu huonekana hata na mpita njia. Yeye huyatenga majani kwa mikono akatazama shina. Nyasi ya kudumu iliyo na afya ina vichipukizi vilivyobanana chini kabisa, karibu na udongo, vimefunikwa na magamba ya majani ya mwaka jana. Hapo, na katika mizizi, ndipo ilipo akiba ya chakula itakayolipia majani ya kwanza ya mwaka ujao, kabla jua halijaanza kulipia mengine. Shina lenye shimo katikati na chipukizi pembeni tu linazeeka. Shina lililoinuka juu ya ardhi kama limesimama kwenye kigingi linasema udongo wa pembeni umechukuliwa na maji. Nafasi kati ya shina na shina nazo husomwa: zikiwa zimefunikwa na majani makavu na vijiti, maji yatatembea polepole na kuzama, zikiwa tupu na zimeng'aa, yatakimbia, na kila mvua itachukua udongo kidogo.

Ukilielewa shina, unaelewa kwa nini ngitili hufanya kazi. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, F. J. Crider, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba nyasi inayokua ikiondolewa zaidi ya nusu ya majani yake kwa mara moja, mizizi husimama kukua kwa muda. Ng'ombe wanaolisha masika, nyasi zikiwa mbioni, wanakata juu na chini kwa pamoja. Wakirudi kabla hazijajijenga, mizizi hufupika, na nyasi yenye mizizi mifupi haiwezi tena kufuata maji yaliyozama. Kwenye mchanga hufa kwa kiu, kwenye tabaka gumu hung'oka kwato zikipita. Ngitili hugeuza mambo. Masika yote mmea haugusiki. Ng'ombe huingia wakati majani yameshakufa, mbegu zimeshaanguka, na chakula cha akiba kimeshashuka chini. Anayekula wakati huo anakula kile ambacho mmea umeshamaliza kukitumia.

Kuna gharama, na fundi huijua. Nyasi iliyokauka ikiwa imesimama ina shibe lakini haina nguvu. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, wale vijidudu wa tumboni mwa ng'ombe wanaomsagia nyuzi hukosa chakula chao, na mnyama hula kidogo zaidi ingawa majani yako tele mbele yake. Nyasi za luseni huufikia mpaka huo mapema, za mbuga huchelewa. Kwa hiyo kufungua nako kuna utaratibu. Huanza na vipande vya juu, vinavyopoteza ladha kwanza, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikilishwa na kuachwa. Mbuga hungoja. Hungoja kwa sababu ya kijani chake, na pia kwa sababu mfinyanzi ukiwa bado na unyevu, kwato huugandamiza, na ukishagandamizwa mizizi huteseka msimu mzima.

Miti hufidia kilichobaki. Mtu asiyejua ataona migunga imeiba nafasi ya nyasi. Ikisongamana sana huiba kweli, na mwenye ngitili hupunguza matawi na vichaka, akapata kuni na fito. Ikiachana inavyotakiwa, hulipa. Majani yake huanguka na kurutubisha, kivuli hupunguza makali ya jua, na chini yake hukua Panicum, nyasi ndefu laini ambayo mita chache pembeni, juani, huikuti. Kisha katikati ya kiangazi, wakati nyasi zote zimekuwa makapi, maganda ya migunga huanguka yakiwa na mbegu zenye protini nyingi. Mbuzi huyajua kabla ya mchungaji.

Jicho la fundi huona pia vitu vidogo ambavyo ramani ya udongo haiwezi kuvionyesha. Kichuguu katikati ya mbuga ni kisiwa chenye udongo uliopandishwa kutoka chini na kuchambuliwa na mchwa, nacho hakifikiwi na maji. Nyasi zake ni tofauti na za pembeni na ng'ombe hukikimbilia. Palipokuwa na zizi zamani hujulikana bila kuuliza, kwa kuwa ukoka mnene hujaa hapo na samadi huendelea kulipa hata baada ya waliokuwa wanaishi hapo kusahaulika. Deni hilo la samadi ni refu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walichapisha utafiti wa maboma ya kale kusini-magharibi mwa Kenya, yaliyokaliwa na wafugaji kati ya miaka 1,500 na 3,700 hivi iliyopita. Udongo wake bado una fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko udongo unaoyazunguka, na mahali hapo pamebaki kuwa viwanja vya nyasi vinavyovuta wanyama. Mfugaji anayehamisha zizi lake kila baada ya miaka michache, akalipeleka kwenye kona dhaifu ya ardhi yake, yumo katika kazi ya kale sana.

Palipokufa kabisa kuna mbinu nyingine. Juu ya baka tupu hulazwa matawi ya miiba. Miiba huzuia kwato, huzuia upepo, hukamata majani makavu, mchanga na mbegu zinazopita. Mchwa huja kula matawi, na katika kula hutoboa gamba la udongo. Maji yaliyokuwa yakiteleza huanza kuingia katika vitundu hivyo, magadi husukumwa chini kidogo, na nyasi ya kwanza hupata pa kushika. Kwa kawaida huwa ya msimu, isiyo na thamani kubwa. Fundi huikaribisha, kwa sababu mizizi yake ikioza huacha njia kwa mizizi ya anayefuata. Nyasi za kudumu hazirudi kwa kuitwa. Hurudi zikikuta zimetengenezewa pa kukaa. Na zikishakaa, zenyewe huendelea kutengeneza. Shina hukamata udongo, mzizi hufungua njia, majani hufunika. Baada ya miaka kadhaa hutajua tena ni udongo uliozaa nyasi au nyasi zilizouzaa udongo.

Ufundi huu uliwahi kukaribia kupotea. Wakati wa ukoloni Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o, na vichaka vilifyekwa maeneo makubwa ili mdudu huyo akose pa kujificha. Pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikahitajika. Ilipokuja Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970, watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Mtu aliyeijua luseni ya kilima chake kwa miaka thelathini alijikuta kwenye mteremko asioujua, jirani na mtu ambaye naye haujui. Elimu ya mahali haihamishiki kwa lori.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukisaidiwa na Norway na baadaye watafiti wa kilimo-misitu wa ICRAF. Mwanzoni watu wa mpango huo walikuja na miche. Wanavijiji wakawaelekeza kwenye jambo walilolijua tayari, na mpango ukawa na busara ya kusikiliza. Ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa wakati huo zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha wilaya ambazo leo ziko Simiyu. Mipaka ililindwa na sheria ndogo za vijiji, mabaraza ya jadi ya dagashida na walinzi wa jadi wa sungusungu, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini mbele ya wazee. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikupandwa kitu. Vishina vilivyodhaniwa vimekufa vilikuwa vimelala, na visiki vya migunga vilikuwa na mizizi hai.

Wasukuma hawako peke yao. Wamasai hutenga alalili kwa ajili ya kiangazi na olopololi karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Pokot Magharibi nchini Kenya, huko Chepareria, wafugaji walianza kuzungushia ua malisho yao miaka ya 1980 kwa msaada wa shirika la Vi, na ardhi iliyokuwa ya makorongo ikarudisha nyasi. Kila mahali kanuni ya pumziko ni moja, na kila mahali udongo hudai masharti yake. Hata mahali pasipo na mfugaji sheria ni hiyo. Kusini-mashariki mwa Serengeti nyasi ni fupi na miti haipo, kwa sababu majivu ya volkano za Ngorongoro na jirani zake yamejenga tabaka gumu la chokaa karibu na uso wa ardhi, na mizizi mirefu haipiti. Lakini majivu hayo hayo yamejaa kalsiamu na fosforasi, na nyumbu huja huko kuzalia na kunyonyeshea. Mahali panapoinyima nyasi urefu ndipo panapoipa utamu, na nyumbu hukaa hapo masika tu, wakaondoka kijani kinapokwisha.

Kuondoka kwa wakati ndilo jaribio la mwisho la mwenye ngitili pia, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Mwishoni mwa Oktoba ng'ombe wamekonda na mawingu yanatishia bila kunyesha. Mvua ya kwanza ikianguka, vishina hutoa ncha za kijani vikitumia akiba ya mwisho iliyomo chini. Majani hayo machache ni mtaji wote wa mwaka mzima, na ni matamu kuliko kitu chochote ambacho ng'ombe amekionja tangu Mei. Yule anayeweza kuwatoa ng'ombe wake ngitilini siku hiyo, akawapeleka kwenye nyasi za msimu za wazi au kwenye mabua aliyoyafungasha juu ya kichanja, amefanya kazi ambayo hakuna atakayeiona. Asiyeweza hataona hasara mwaka huo. Ataiona mwaka wa tatu au wa nne, mashina yakipungua kwanza kwenye luseni, kisha kwenye itogolo, na atalaumu mvua.

Leo hatari kubwa ya ufundi huu ni mgawanyo wa ardhi. Watu wameongezeka, mahindi, mpunga na pamba vinataka nafasi, na ngitili hukatwa vipande baba anapofariki. Hapo namna ya kukata ni muhimu kuliko ukubwa wa kipande. Mteremko ukigawanywa kwa upana, ndugu mmoja atapata luseni tupu, wa pili ibambasi, wa tatu mbuga. Wa kwanza atakuwa na malisho ya mwezi mmoja, wa tatu atakuwa na bonde lisilopitika masika, na wa pili atauza ng'ombe. Ukigawanywa kwa urefu, kutoka kwenye mawe hadi mbugani, kila mmoja atapata ukanda mwembamba wenye kila kitu kidogo kidogo, na kazi ya kufunga na kufungua itaendelea kuwezekana. Mkato huo hauhitaji mradi wala fedha. Unahitaji tu kwamba siku ya kugawa, miongoni mwa wanaoshika kamba ya kupimia, awepo mtu mmoja anayejua anagawa nini.